Jino Lililotoboka Kati ya Githurai na Thika

Mwaka 1935 daktari wa meno kutoka Cleveland, Marekani, aitwaye Weston Price, alifika Kenya akaanza kuhesabu meno ya watu. Hakuja kung'oa wala kuziba. Alikuwa katika safari ndefu ya kuzunguka dunia, akichungulia vinywa vya watu wa kila namna ili ajue kwa nini wengine meno huwaoza mapema na wengine huzeeka nayo yakiwa mazima. Kwa Wamasai aliwapima watu 88. Katika meno yao 2,516 alikuta 10 tu yaliyooza. Kwa Wakikuyu aliwapima watu 33 wenye meno 1,041. Yaliyooza yalikuwa 57.

Watu 33 ni wachache mno kusimamishia nadharia, na nyingi kati ya zile alizozijenga Price katika kitabu chake cha mwaka 1939 hazikukubaliwa na wanasayansi waliomfuata. Lakini hesabu yenyewe ina thamani. Ilifanywa wakati reli ya kutoka Nairobi hadi Thika ilikuwa imetimiza miaka 22 tu, na inatuonyesha kwamba katika kila meno 100 ya Wakikuyu aliowatazama, 5 au 6 yalikuwa yameoza.

Leo, katika wadi ya Kiuu, eneo bunge la Ruiru, asubuhi huanza na mlio wa makanga wakiita abiria wa mjini. Hapa ndipo ilipo Githurai 45, mtaa uliopata nambari yake kutokana na basi lililouhudumia. Kando ya barabara mkokoteni umejaa miwa iliyomenywa na kukatwa vipande, kibanda kinauza mandazi na chai ya maziwa, na duka la jirani limepanga soda na peremende mbele kabisa, pale macho ya mtoto yanapofika. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu mtoto mmoja kati ya wanne waliopimwa nchini Kenya alikuwa na jino lililooza, na zaidi ya thuluthi moja ya watu wazima.

Kati ya hesabu hizo mbili ipo miaka 80, na ndani yake imo historia ya vitu ambavyo watu wametia katika tundu la jino: mafuta ya karafuu, zebaki na fedha, unga wa kioo, na sasa tone la dawa linaloligeuza tundu kuwa jeusi. Kila kimoja kilikuja na masharti yake: umeme, kiti, mashine, fundi, pesa. Masharti hayo, kuliko ubora wa kitu chenyewe, ndiyo yaliyoamua ni nani atakayebaki na jino lake.

Reli, posho na kijiko cha sukari

Thika ulikua kama mji wa reli na wa mito miwili, Chania na Thika. Treni ilipofika mwaka 1913, ardhi iliyouzunguka ilikuwa tayari imeanza kugeuzwa kuwa mashamba ya walowezi. Kahawa ilipandwa kuelekea Ruiru na mkonge kuelekea Makuyu. Mwaka 1948 kampuni ya Kenya Canners, ambayo baadaye ilikuja kuwa chini ya Del Monte, ilianzishwa kusindika mananasi. Kila shamba lilihitaji vibarua, na kila kibarua alilipwa posho ya unga wa mahindi pamoja na shilingi chache ambazo ziliishia dukani.

Dukani kulikuwa na sukari. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilianza kazi Miwani, karibu na Kisumu, mwaka 1922. Chai ilikuwa imepandwa Limuru, upande wa pili wa Kiambu, tangu mwaka 1903. Vitu hivi viwili vilipokutana na maziwa katika sufuria moja, kilizaliwa kinywaji ambacho leo hakuna nyumba kati ya Githurai na Thika inayoweza kumpokea mgeni bila kukitenga.

Utamu haukuwa mgeni katika nchi hii. Wakikuyu walikuwa na asali, na miwa waliipanda hasa kwa ajili ya kutengenezea pombe ya muratina. Kilichobadilika ni mara ngapi kwa siku kitu kitamu hupita kinywani. Jambo hilo lilipata ushahidi wa maabara nchini Marekani katika miaka ya 1940, pale mtafiti Robert Stephan alipopima asidi katika utando unaoganda juu ya meno. Mtu akisukutua kwa maji ya sukari, asidi hupanda ndani ya dakika chache, kwa sababu bakteria waliomo katika utando huo hula sukari na kutoa asidi. Kisha mate hufanya kazi ya kuirudisha chini, kazi ambayo huchukua nusu saa au zaidi. Muda wote huo madini ya kalisi na fosfati hutoka katika gamba gumu la jino. Mate yakipewa nafasi huyarudisha. Lakini mtu akinywa chai ya sukari saa moja, mandazi saa nne, soda saa saba na kipande cha muwa akingoja matatu jioni, mate hayapati nafasi.

Ndipo linapojitokeza doa jeupe, lisilong'aa, karibu na ufizi. Doa hilo ni mwanzo wa kuoza, na katika hatua hiyo jino bado linaweza kujiponya. Likiachwa hugeuka tundu, na tundu halijizibi lenyewe.

Koleo na karafuu

Kwa kibarua wa shamba la mkonge, gego lililotoboka lilikuwa na tiba moja: koleo. Jino liliuma, likavumiliwa, shavu likavimba, na mwishowe likang'olewa. Haikuwa kwamba kuziba jino hakukujulikana. Mchanganyiko wa zebaki na madini ya fedha, uitwao amalgamu, ulikuwa ukitumika Paris tangu miaka ya 1820, na Greene Vardiman Black wa Marekani alikuwa ameupatia vipimo vya kuaminika kufikia mwaka 1895. Lakini amalgamu ina masharti. Haishikani na jino. Hukaa tu kama kabari ndani ya shimo, kwa hiyo daktari lazima alichimbe shimo hilo liwe pana chini kuliko juu, hata kama ni kwa kukata sehemu isiyooza ya jino. Kuchimba huko kunahitaji mashine, mashine inahitaji umeme, na mgonjwa anahitaji sindano ya ganzi. Vitu hivyo vyote vilikuwa mjini, vikimngoja mwenye nauli na mwenye kibali cha kukosa kazi siku nzima.

Kitu kimoja tu katika kabati la daktari wa meno kilitoka kwetu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, madaktari duniani kote wamekuwa wakituliza jino linalouma kwa kukoroga unga wa oksidi ya zinki pamoja na mafuta ya karafuu. Mchanganyiko huo huganda, huziba tundu kwa muda, na kiini cha karafuu kiitwacho eujenoli hutuliza mshipa. Kwa miaka mingi karafuu nyingi duniani zilitoka Unguja na Pemba. Bibi aliyesokota pamba, akaichovya katika mafuta ya karafuu na kumwekea mjukuu kwenye gego usiku wa maumivu, alikuwa akitumia kiini kilekile kilichokuwa katika chupa ya daktari. Ila karafuu hunyamazisha maumivu bila kuondoa uozo, na ndiyo maana wengi walifika hospitalini jino likiwa limekwisha.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno mwaka 1974. Kabla ya hapo Mkenya aliyetaka taaluma hiyo alilazimika kwenda kuitafuta ng'ambo. Tunapozungumza juu ya kuziba meno kama jambo la kawaida, ni vyema kukumbuka kwamba madaktari wa kwanza waliofunzwa katika ardhi hii bado wako katika umri wa babu na bibi zetu.

Maji yenye sura mbili

Wakati huohuo kulikuwa na kinga ambayo haikuhitaji daktari, nayo ilikuwa majini. Ila kinga hiyo ilikuwa na sura ya pili.

Kisa chake kilianzia Colorado Springs, Marekani, ambako daktari kijana Frederick McKay alifungua kliniki mwaka 1901 akakuta wenyeji wana meno yenye madoa ya kahawia. Alihangaika na fumbo hilo kwa miaka 30. Mwaka 1931 chanzo kilijulikana kuwa floridi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba na kuingia katika maji ya kunywa. Meno yenye madoa yalikuwa na jambo la kushangaza: hayakuoza kirahisi. H. Trendley Dean wa idara ya afya ya Marekani akatafuta kipimo cha katikati, kinachokinga jino bila kulitia doa. Mnamo Januari 1945 mji wa Grand Rapids ukawa wa kwanza duniani kuongeza floridi katika maji yake.

Wakenya wa Bonde la Ufa na wa sehemu nyingi za kati hawakuhitaji kuongezewa. Ardhi yao ni ya volkano, na maji ya visima virefu hukaa muda mrefu kati ya miamba yenye floridi. Utafiti wa Nair, Manji na Gitonga uliochapishwa mwaka 1984 ulikusanya sampuli zaidi ya 1,000 za maji ya ardhini kote nchini. Asilimia 61 zilizidi miligramu 1 ya floridi kwa lita, na karibu moja katika kila tano ilizidi miligramu 5. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Miaka miwili baadaye Firoze Manji, pamoja na Vibeke Baelum na Ole Fejerskov kutoka Denmark, walitoa taarifa ya watoto waliokulia katika eneo la Kenya lenye maji ya miligramu 2 tu kwa lita. Wote walikuwa na madoa, na wengi wao madoa mazito.

Jambo hili linaigusa Ruiru kwa karibu. Baada ya uhuru mashamba makubwa yalinunuliwa na kampuni za kununua ardhi na kukatwakatwa kuwa ploti. Nyumba za ghorofa zikapanda pale ilipokuwa kahawa, na sensa ya mwaka 2019 ikaukuta mji wa Ruiru una watu 490,120, karibu maradufu ya Thika yenye 251,407. Bomba la maji halikukimbia kwa kasi hiyo. Maji ya mito kutoka milima ya Aberdare, ambayo kwa kawaida yana floridi kidogo, yalipita njia kwenda jijini: bwawa la Ruiru tangu mwaka 1950 na la Ndakaini tangu 1994 yalijengwa kwa ajili ya Nairobi. Wenye ploti wakachimba visima. Bwawa la Karimenu II huko Gatundu Kaskazini, lililozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya Ruiru, Juja na majirani wake, ni mradi wa maji. Lakini kwa mtoto ambaye meno yake ya utu uzima bado yanaumbika ndani ya taya, ni mradi wa meno pia.

Madoa hayo yamewafanya vijana wengi wafunike mdomo kwa mkono wanapocheka. Yameleta pia dhana kwamba dawa ya meno yenye floridi ni hatari na afadhali mswaki mkavu. Hapa panahitaji maelezo ya wazi. Madoa huja jino likiwa bado linaumbika ndani ya taya, mtoto anapomeza floridi nyingi kila siku kwa miaka. Jino likishatoka, floridi inayopakwa kwa nje humsaidia yeyote: huingia katika gamba na kulifanya liyeyuke kwa shida zaidi mbele ya asidi. Kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka mitatu huwekewa dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, na wote hufundishwa kutema.

Dar es Salaam: jino kuzibwa bila mashine

Mageuzi makubwa zaidi katika kuziba meno ya watu wasio na umeme yalianzia kwa jirani zetu. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken, daktari wa meno Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi katika skuli ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, alikabiliwa na tatizo ambalo kila muuguzi wa zahanati ya Makuyu angelitambua. Mashine za kutobolea hazikuwepo au zilikuwa zimeharibika, umeme haukutegemewa, na wagonjwa walikuwa vijijini. Yeye na wenzake wakajaribu kuziba bila mashine. Walitumia vyombo vya mkono tu: kimoja cha kupanua mdomo wa tundu na kingine kama kijiko kidogo cha kukwangua sehemu iliyolainika. Jino lililooza hulainika, na sehemu hiyo laini haina uhai wa kuuma sana. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Kisha tundu lilijazwa saruji ya meno.

Saruji iliyoifaa njia hiyo kuliko zote ilikuwa imegunduliwa London mwishoni mwa miaka ya 1960 na Alan Wilson na Brian Kent, wanakemia wa maabara ya serikali ya Uingereza. Walichukua kioo maalumu chenye floridi, wakakisaga kuwa unga laini, wakaukoroga na asidi isiyo kali. Vikikutana hugeuka uji mzito, na baada ya dakika chache huganda. Madaktari huiita glasi-ayonoma. Tunaweza kuiita saruji ya kioo. Ina sifa mbili ambazo amalgamu haikuwa nazo. Hushikana na kalisi ya jino yenyewe, kwa hivyo hakuna haja ya kukata sehemu isiyooza ili ipate pa kujishika. Na floridi iliyomo ndani yake huvuja kidogo kidogo na kulilinda jino lililo pembeni.

Njia ya Dar es Salaam ilijaribiwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993. Siku ya Afya Duniani, Aprili 7, 1994, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa yote. Leo inafundishwa katika vyuo vya meno vya nchi tajiri pia, hasa kwa watoto wanaoogopa sauti ya mashine na wazee wasioweza kutoka nyumbani. Ni haki kulisema hili bila kusita: njia iliyobuniwa Afrika Mashariki kwa sababu ya uhaba imekuwa tiba ya dunia nzima.

Hilo halimaanishi kwamba haina udhaifu. Arthur Kemoli wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake waliwafuatilia watoto zaidi ya 800 wa miaka sita hadi minane katika shule za vijijini nchini, waliozibwa magego ya utotoni kwa saruji ya kioo pale ambapo jino moja hugusana na jingine. Baada ya miaka miwili, ni karibu thuluthi moja tu ya viraka hivyo vilivyokuwa bado salama. Sehemu hiyo ni ngumu: mate huingia kwa urahisi, na kiraka hubeba uzito wa kutafuna. Tundu dogo lililo juu ya gego, mahali palipozungukwa na kuta nne, huzibika vizuri zaidi na hudumu. Utafiti huo unamfaa mzazi kwa jambo moja: jino likipelekwa mapema, tundu likiwa dogo na liko juu, saruji ina nafasi nzuri. Likicheleweshwa hadi uozo ushuke kati ya meno mawili, nafasi hiyo hupungua.

Tone jeusi kutoka Japani

Kati ya Ruiru na Thika iko Juja, na Juja kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kilichoanza mwaka 1981, kikiwa bado chuo cha ngazi ya kati, kwa msaada wa serikali ya Japani. Dawa mpya inayozungumzwa zaidi katika tiba ya meno ya watoto ilitoka nchi hiyohiyo, ingawa ilichukua njia ndefu zaidi kutufikia.

Katika Chuo Kikuu cha Osaka, miaka ya 1960, Mizuho Nishino na mwalimu wake Reiichi Yamaga waliunganisha fedha na floridi katika kimiminika kimoja. Fedha huua bakteria. Floridi hulifanya jino gumu. Japani iliruhusu dawa hiyo itumike mwaka 1970. Matumizi yake yanamshangaza mtu aliyezoea kiti cha daktari wa meno: jino hukaushwa, tone moja hupakwa kwa kijiti chenye brashi ndogo, husubiriwa dakika moja hivi, basi. Hakuna sindano, hakuna mashine, hakuna damu. Mara nyingi uozo husimama. Sehemu iliyooza hukauka, hugeuka ngumu na nyeusi kama makaa.

Weusi huo ndio bei yake. Mzazi anayeona meno ya mbele ya mtoto wake yamekuwa meusi anaweza kudhani ameharibiwa, na mhudumu asipoeleza kabla, imani hupotea. Katika magego ya utotoni, yanayojificha nyuma na yatakayong'oka yenyewe mtoto akifika miaka 10 hadi 12, wengi hukubali. Dawa hupakwa tena, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na tundu linaweza kuzibwa kwa saruji ya kioo baadaye mtoto akitulia.

Kwa miongo mingi dunia haikuitilia maanani. Mwaka 2021 hali ilibadilika: Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo, pamoja na saruji ya kioo na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Ni orodha ileile yenye dawa za malaria na za kumwongezea mgonjwa maji mwilini. Maana yake ni kwamba kwa macho ya shirika hilo, kuziba tundu la jino la mtoto hakupaswi tena kuhesabiwa kuwa urembo wa wenye nacho.

Zebaki yaaga

Jina jingine la Kijapani linaifunga hadithi ya amalgamu. Mwaka 1956, katika mji wa Minamata, ulitambuliwa ugonjwa uliopooza wavuvi na familia zao kwa sababu ya zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki ulipewa jina la mji huo. Njia yake ilipita kwetu. Uamuzi wa kuanza mazungumzo ulifanywa Nairobi mwaka 2009, katika makao ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, na duru ya tatu ya mazungumzo ilifanyika papo hapo mwaka 2011. Mkataba ulitiwa saini mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 2017.

Karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki. Ikishaganda kinywani haitoi zebaki nyingi, na mtu mwenye jino la fedha hana haja ya kukimbia kuling'oa. Tatizo kubwa ni mabaki yanayoingia katika maji taka, na mvuke anaouvuta mhudumu siku baada ya siku. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuacha kuitumia kwa watoto wa chini ya miaka 15 na kwa wanawake wajawazito au wanaonyonyesha. Novemba 2025, mjini Geneva, zilikubaliana matumizi yake yakome ifikapo mwaka 2034. Mataifa ya Afrika yalikuwa mstari wa mbele kudai hatua hiyo.

Mwenye uwezo hatakosa cha kuzibia. Ipo resini ya rangi ya jino, iliyotokana na kazi ya Rafael Bowen wa Marekani, ambaye mwaka 1962 alipata hataza ya malighafi yake; hupendeza na hudumu. Lakini resini inataka jino kavu kabisa, taa ya kuigandisha na daktari mwenye muda, na hayo yote hulipiwa. Zebaki ikiondoka bila saruji ya kioo kuwepo katika hospitali za umma, mwenye pesa atapata resini na asiye nazo atarudi pale pale alipokuwa kibarua wa mkonge: kwenye koleo.

Hapo ndipo historia hii inapofika mlangoni kwa mkazi wa Kiuu, wa Mwihoko, wa Gatongora, wa Makongeni. Vitu vinavyohitajika sasa havidai jenereta wala kiti cha kuzunguka. Unga na kimiminika cha saruji, chupa ndogo ya dawa ya fedha na floridi, vyombo vya mkono vinavyoweza kuchemshwa na kutumiwa tena, na afisa wa afya ya kinywa aliyefunzwa, vyote vinaweza kuingia katika darasa la shule ya msingi kwa asubuhi moja. Kaunti ya Kiambu, ambayo tangu ugatuzi wa mwaka 2013 ndiyo inayosimamia hospitali za Ruiru na Thika, ina kila sababu ya kuhakikisha vitu hivyo viwepo katika kila kituo chenye mhudumu wa meno, na kuwapeleka wahudumu hao shuleni badala ya kungoja mashavu yavimbe.

Na mzazi asingoje kaunti. Jumamosi hii, mchana kweupe, mketishe mtoto mlangoni, mwinue mdomo wa juu kwa kidole gumba utazame meno ya mbele, kisha mwambie apanue uone magego. Ukiona doa jeupe lisilong'aa au nukta ya kahawia, mpeleke wiki hiyo, na ukifika uulize kama jino linaweza kuzibwa kwa saruji ya kioo au kupakwa dawa ya kusimamisha uozo. Uliza hivyo kabla hujakubali ling'olewe.